Hiari Yashinda Utumwa

Ndugu wasomaji, wazee walituachia mithali fupi: hiari yashinda utumwa. Sote twaisema, hata watoto wa shule. Lakini mithali ni kama kisu kilichotundikwa ukutani: mpaka ukishike ukate nacho, hujui kama ni kikali. Leo twataka kukishika kisu hiki na kukijaribu juu ya swali gumu. Mtu aliyekupiga vita, nawe ukamshinda, je, aweza kuwa rafiki yako wa kweli? Au atabaki siku zote mtumwa anayengoja nafasi ya kulipiza?

Ili kulijibu swali hili twachukua mfano ambao pengine utawachekesha wazee. Ni mchezo wa watoto wa Japani, mchezo wa televisheni. Msicheke upesi. Mtu akicheza huonyesha moyo wake kuliko akihubiri. Na watungaji wa michezo, kama watungaji wa ngano, huficha ndani yake mawazo ambayo watu wazima hawathubutu kuyasema waziwazi.

Mwaka 1990 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza nchini Japani mashini iitwayo Super Famicom. Ni sanduku dogo la plastiki linalofungwa kwenye televisheni ya nyumbani; mchezo wenyewe umo ndani ya kaseti inayochomekwa juu yake. Tangu mwaka 2003 mashini hiyo haitengenezwi tena Japani, na leo wanaoitunza ni wapenda vitu vya zamani. Basi, tarehe 27 Septemba 1992 ilitoka kaseti ya Dragon Quest V, ya kampuni ya Enix. Mtungaji wake ni Bwana Yuji Horii. Picha za mazimwi zilichorwa na Bwana Akira Toriyama, aliyefariki mwaka 2024, na muziki ulitungwa na Bwana Koichi Sugiyama, aliyefariki mwaka 2021. Wajapani walinunua kaseti hizo zaidi ya milioni 2. Marekani na Ulaya walingoja mpaka mwaka 2009 ili waupate mchezo huo kwa Kiingereza, tena kwa mashini nyingine, ndogo ya mkononi.

Mapigano ya mchezo huu si ya haraka ya vidole. Ni ya zamu, kama mchezo wa bao. Mchezaji akikutana na mazimwi njiani, kila kitu husimama. Mashini humwuliza: utafanya nini? Aweza kupiga, aweza kujilinda, aweza kutoa kitu mkobani, aweza kukimbia. Hata akifikiri saa nzima, zimwi halitamgusa. Akisha kuchagua, ndipo kila mmoja hutenda zamu yake, kwa kawaida mwepesi kwanza na mzito baadaye. Kisha swali lile lile hurudi tena. Shikeni jambo hili vizuri, maana tutalirudia.

Katika michezo iliyotangulia ya jina hilo, tangu ule wa kwanza wa mwaka 1986, zimwi lilikuwa kwa kawaida kitu cha kuuawa tu. Likianguka, mchezaji alipata fedha na nguvu, akaendelea na safari. Lakini katika mchezo wa tano Bwana Horii alitia jambo jipya. Vita vikisha, mara nyingine zimwi lililoanguka huinuka, husimama mbele ya mshindi na kumtazama, kama mtu anayetamani kuwa mwenzake wa safari. Ndipo mashini humwuliza mchezaji: utalikubali? Akikataa, zimwi huondoka kwa huzuni. Akikubali, huingia katika gari lake la farasi, na kuanzia siku ile hupigana upande wake.

Hapa ndipo twataka kusimama. Katika jambo hili dogo mna mafundisho matatu juu ya urafiki wa maadui.

La kwanza: kushinda si kupata rafiki. Mchezaji aweza kushinda mara mia moja, asione zimwi hata moja likiinuka. Aina nyingi haziinuki kamwe. Nyingine huinuka kwa shida sana: lile zimwi la madini yanayoyeyuka, ambalo wachezaji wote hulitamani, huinuka kwa bahati ya mara moja katika 256. Fimbo yaweza kumwangusha mtu, lakini haiwezi kumwinua akiwa rafiki. Kazi ya fimbo huisha pale anapoanguka. Linalofuata halimo tena mkononi mwa mshindi.

La pili: adui hainuki na kuingia garini moja kwa moja. Husimama, hutazama, hungoja jibu. Mshindi naye ana hiari, na hiari yake yaweza kukosea. Mara ngapi twamwona mtu aliyetukosea amesimama mlangoni, haongei, anatutazama tu, nasi twajifanya hatukumwona? Twasema: hakuomba radhi kwa maneno. Kumbe macho yake yaliomba. Zimwi la mchezo halisemi neno, hutazama tu.

La tatu: aliyeingia garini hajawa bado mwenzako kamili. Wengi wao huanza chini, na nguvu zao ni ndogo kuliko za wenzao. Huna budi kuwalinda mpaka wakue. Tena wako wenye akili ndogo. Mchezo huu huipima akili kwa hesabu, na zimwi ambalo hesabu yake haijafika 20 mara kwa mara halitii. Unaliambia lijilinde, nalo hupiga. Unaliambia lipige, nalo hufanya lingine. Je, ni uasi? Hapana, bado linajifunza. Ni wangapi kati yetu wanaompokea mtu asubuhi, na jioni wakamfukuza wakisema: tazameni, hakubadilika! Waliamini kwamba kusamehe ni kufungua mlango mara moja. Kumbe ni kuishi na mtu nyumba moja.

Lakini mtoto huyu wa mchezo aliipata wapi roho ya namna hiyo? Hadithi yasema hivi. Katika mji mmoja, chini ya ardhi, yuko mzee mmoja anayejua mambo ya mazimwi. Mzee humwambia kijana kwamba, akipigana bila chuki, bali kwa upendo, uovu waweza kumtoka zimwi, naye atainuka. Hapo twaona shida, na msomaji mwenye akili ameshaiona: mtu apiganaje kwa upendo? Twajibu kwamba ni jambo gumu, ila si la kipuuzi. Mzazi humshika kwa nguvu mtoto anayetaka kuruka motoni. Askari mwema humzuia mwizi, wala hamchukii. Tofauti yajulikana baada ya pigo la mwisho: mwenye chuki hutaka pigo lingine, mwenye upendo hutupa fimbo chini.

Tena kijana huyu alijua utumwa kwa mwili wake mwenyewe. Alipokuwa mtoto mdogo, baba yake Papas alipigwa mbele ya macho yake, hakurudisha pigo, kwa kuwa waovu walikuwa wamemshika mwanawe na kutisha kumwua. Akafa hivyo. Mtoto akachukuliwa, akafanywa mtumwa wa kubeba mawe miaka 10. Pamoja naye alikuwamo mwana wa mfalme, Henry, aliyekuwa mtoto mtundu aliyemdhihaki; kule utumwani wakawa marafiki. Basi, aliyetoka katika mawe yale alijua kwamba mtu aweza kukushurutisha mgongo, lakini hawezi kukushurutisha moyo. Kwa hiyo hakuwatafutia wengine minyororo.

Hapa wako watakaotupinga, nao wana haki ya kusikilizwa.

Wa kwanza watasema: hayo ni maneno matupu. Zimwi la televisheni halina roho. Halitaki wala halikatai. Ni mashini inayopiga kura ndani yake, nayo kura ikiangukia namba fulani, zimwi huinuka. Twakubali kabisa. Hakuna hiari ndani ya kaseti. Lakini twamtazama mchezaji, si kaseti. Mchezaji ana moyo, naye hujifunza jambo la kweli: hapa pana kitu nisichoweza kukilazimisha. Aweza kujitayarisha, aweza kurudi tena na tena, lakini hawezi kuamuru. Mkulima naye hupanda, hapandi mvua. Si bure kuwafundisha vijana kwamba kitu kizuri kuliko vyote, yaani moyo wa mwingine, hakipatikani kwa amri.

Wa pili watasema: iko michezo mingine ya mazimwi yenye kufundisha kinyume. Watataja Pokémon, ambao watoto wa dunia nzima wanaujua. Huo ulianza Japani mwaka 1996 katika mashini ya mkononi iitwayo Game Boy, nao ni wa Bwana Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alipenda kukamata wadudu. Katika mchezo huo mtoto hulidhoofisha zimwi la porini, kisha hulirushia mpira, zimwi likafungwa ndani yake. Mwaka 2000 Marekani na Ulaya walipata Pokémon Stadium kwa mashini ya nyumbani iitwayo Nintendo 64. Humo mtoto huyatoa mazimwi aliyoyalea katika Game Boy, akayapiganisha kwa zamu mbele ya televisheni. Asiyekuwa na yake huazima ya mashini. Yeye mwenyewe hapigwi wala haumii. Je, huo si utumwa?

Twapambanue mambo mawili. Kufungwa katika mpira si kuinuka kwa hiari. Hilo ni kweli, wala hatutalipaka rangi. Lakini hata mchezo huo wenyewe waona aibu kidogo juu ya jambo hilo. Zimwi kubwa alilolilea mtoto mwingine, ukilipata kwa kubadilishana, halikutii mpaka uwe umepata alama za ushindi zinazotakiwa. Hulala, au hufanya litakavyo. Yaani umelimiliki, lakini hujastahili utii wake. Mtungaji aliyeanza na mpira wa kukamatia amejikuta analazimika kukiri kwamba kukamata hakutoshi. Kwa hiyo mchezo huo haupingi mithali yetu. Waithibitisha kwa njia nyingine.

Naye kijana wa Dragon Quest V hasimami nyuma akitoa amri tu. Hupigana safu moja na wale waliokuwa adui zake jana, huumia pamoja nao, huponywa kwa dawa zile zile. Tukitaka kumjua bwana wa watumwa na kumjua kiongozi wa wenzake, tutazame jeraha: je, liko upande mmoja tu?

Sasa twafika penye uzito wa swali letu, maana mpaka hapa tumesema juu ya mshindi na mshindwa peke yao. Lakini vita si vya wawili. Kuna wa tatu, naye ni yule aliyeharibiwa mali yake.

Katika utoto wake, kabla ya baba yake kufa, kijana yule pamoja na msichana Bianca waliwakuta watoto wakimtesa mnyama mdogo, wakimdhani ni paka. Kumbe alikuwa mtoto wa aina ya chui mkali. Wakamwokoa kwa kukubali sharti la watoto wale: kwenda usiku katika ngome yenye mizuka. Bianca akatoa utepe wake wa nywele kwa ajili ya mnyama. Baba alipouawa na kijana alipochukuliwa utumwani, chui mdogo aliachwa porini. Mwovu aliyemwua baba alisema aachwe tu, kwa kuwa ataurudia ukali wake.

Miaka 10 ikapita. Kijana, sasa mtu mzima na huru, anafika kijiji cha Kabochi. Wakulima wanalia: mnyama mkali anakula mazao yetu kila usiku. Wanamlipa nusu ya fedha mbele, akamwue. Anakwenda mpaka pangoni, chui mkubwa anamrukia. Vita vya zamu vinaanza. Mashini inauliza: utafanya nini?

Hapa kumbukeni tulilosema juu ya zamu. Kama mapigano yangekuwa ya haraka, mkono ungepiga kabla ya akili kuamka. Lakini kati ya pigo na pigo pana nafasi. Katika nafasi ile mchezaji aweza kufungua mkoba, akauona utepe wa zamani, akautoa. Chui ananusa. Anasimama. Anakumbuka. Na nyuma yake pangoni upo upanga wa Papas, alioulinda miaka yote ile. Wazee walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwovu alisema kweli nusu tu: ukali ulirudi, lakini kumbukumbu haikufa.

Ndugu, hasira yetu haina zamu. Hutuambia: piga sasa, piga tena! Ni mara ngapi utepe ulikuwamo mkobani mwetu, jambo jema la zamani kati yetu na huyo tunayempiga, nasi hatukuutoa kwa sababu hatukusimama? Wema wa utotoni, chakula tulichokula sahani moja, siku aliyotubebea mgonjwa: yote hayo ni tepe. Anayejifunza kusimama kati ya pigo na pigo amejifunza nusu ya amani.

Lakini hadithi haiishi hapo, na kwa hilo twamsifu mtungaji wake. Kijana anarudi Kabochi, chui akimfuata kama mbwa. Wanakijiji wanaona nini? Wanaona mtu waliyemlipa amwue mnyama, naye anatembea na mnyama. Wanasema: kumbe walikuwa shauri moja! Alimtuma ale mazao yetu, kisha akaja kuchukua fedha zetu. Wanamtupia nusu iliyobaki kwa dharau, wanamwambia aende zake. Aliyefanya lililo jema anatoka kijijini kama mwizi.

Mchezaji kijana hukasirika hapo: wajinga hawa! Sisi twasema: pole pole. Wakulima wale hawakujua habari za utepe. Walijua mashamba yaliyoliwa. Waliolala njaa ni wao, si kijana. Ni rahisi kumsamehe chui ambaye hakula shamba lako. Katika kila nchi iliyopitiwa na vita, watu husema kwa wepesi: wapokeeni, ni ndugu zetu. Maneno hayo ni mema. Lakini mama aliyechomewa nyumba ana haki ya kuuliza: je, nani amewaambia kusamehe kwa jina langu?

Basi, haki yadai nini? Si kumwua chui baada ya kumtambua. Hilo lingekuwa kuua kumbukumbu njema pamoja naye. Wala si kumwacha pangoni, aendelee kula, huku sisi tukijisifu kwa huruma yetu. Tazameni alilofanya kijana. Hakuwahubiria wanakijiji. Hakuwadai shukrani. Alimchukua chui akaondoka naye, akamlisha mwenyewe, akampiganisha upande wake, na mazao ya Kabochi hayakuliwa tena. Anayemsamehe chui wa shamba la jirani, na amfuge yeye. Gharama ya huruma haiwekwi juu ya mgongo wa aliyeharibiwa. Aliyeitamka ndiye aibebe. Na ikiwa sehemu ya gharama hiyo ni kuitwa mwizi na watu wema, huibeba pia.

Twaongeza jambo moja ambalo kijana hakulifanya. Nusu ya fedha iliyobaki aliipokea. Hatumhukumu, kwa kuwa hatari ya mazao aliiondoa kweli. Lakini twafikiri kwamba, kama tungekuwa sisi, ingefaa tuirudishe mlangoni, ikanunue mbegu. Msamaha unaokwenda mkono kwa mkono na malipo ya kilichoharibiwa, hata yule mama wa nyumba iliyochomwa aweza siku moja kuuelewa. Msamaha mtupu humwachia majivu.

Tukirudi kwa swali letu, twajibu hivi. Adui aliyeshindwa aweza kuwa rafiki wa kweli, lakini si kwa sababu ya kushindwa kwake. Yeye hana budi kuinuka kwa hiari yake. Mshindi hana budi kumkubali kwa hiari yake. Na baada ya hapo hazina budi kupita siku nyingi za utii mdogo na uvumilivu mkubwa. Anayetaka kufupisha njia hiyo kwa nguvu atapata mtumwa, na mtumwa hungoja usiku. Anayetaka kuifupisha kwa maneno matamu atamwacha jirani yake na shamba tupu.

Ndugu msomaji, jioni hii, watoto wakicheza mchezo wa namna hiyo, usiwafukuze mara moja. Keti nao kidogo. Zimwi likiinuka na kutazama, waulize: mtamjibu nini? Kisha ujiulize wewe mwenyewe, maana pengine kuna mtu amesimama nje ya ua wako siku nyingi, hasemi neno, anatazama tu.